Ukaguzi wa usalama na dirisha la uhamiaji: uzoefu wangu na kauli za maafisa

Wasafiri wengi wanapotathmini safari huzungumzia kiti cha ndege, ucheleweshaji na mizigo iliyopotea. Mimi ninataka kutathmini sehemu ambayo msafiri hawezi kuikwepa wala kumchagua anayemhudumia, yaani ukaguzi wa usalama na dirisha la uhamiaji. Ni huduma tunayoilipia, kwa kuwa katika viwanja vingi ada ya usalama huingizwa katika bei ya tiketi, na nimeipitia vya kutosha, angani na kwenye mipaka ya nchi kavu, kuweza kusema kwamba kasoro yake kubwa haiko katika ukali wa kanuni bali katika kauli za baadhi ya wale wanaozisimamia.

Kanuni zenyewe sina ugomvi nazo. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani, ukaguzi ulibadilika duniani kote. Desemba mwaka huohuo abiria mmoja alijaribu kulipua ndege kwa kilipuzi alichokificha ndani ya viatu. Na Agosti 2006 kiligunduliwa nchini Uingereza kikundi kilichopanga kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji, ndipo likaja sharti la chupa zisizozidi mililita 100. Kila sharti lina sababu yake, na mtu mwenye busara atalitii. Hata hivyo masharti haya hayafanani kila mahali wala hayadumu milele. Marekani ililegeza sharti la kuvua viatu Julai 2025, na viwanja vyenye mashine mpya za eksirei humruhusu abiria kuiacha kompyuta ndani ya begi, wakati vingine bado vinataka itolewe na kuwekwa kwenye trei peke yake. Kwa hiyo abiria anayesita mbele ya mkanda wa kupitishia mizigo si mjinga wala si mkaidi. Huenda alikotoka aliamriwa kinyume kabisa cha anachoamriwa sasa, na anayemfokea kana kwamba kanuni hizo kila mtu amezaliwa akizijua anamwonea.

Tukio lililonisukuma kuandika lilitokea katika kiwanja ambacho sitakitaja. Mbele yangu kwenye foleni alikuwapo mzee aliyesafiri peke yake, ambaye lugha ya pale hakuielewa. Afisa aliyesimama mbele ya mashine ya kutambua vyuma alimwamuru apite. Mzee hakupita, alitoa kadi mfukoni, akaigusisha kifuani na kumnyooshea afisa. Ilikuwa kadi ya mtu aliyepandikizwa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, na watu wa namna hiyo hushauriwa na madaktari wao wamjulishe mkaguzi kabla ya kukaguliwa, ili atumie njia inayowafaa na asikishikilie kigunduzi cha mkononi juu ya kifaa hicho kwa muda mrefu. Mzee alikuwa anafanya hasa kile alichotakiwa kufanya. Afisa hakuitazama kadi hata mara moja. Alirudia amri ileile kwa sauti ya juu zaidi, kama kwamba asiyeielewa lugha anaweza kuielewa ikipigiwa kelele, kisha akamgeukia mwenzake wakacheka. Nilipojaribu kueleza nikiwa nyuma, niliambiwa ninyamaze na nirudi kwenye mstari. Mzee alisukumwa begani hadi ndani ya mashine, ikalia, na afisa wa pili akamsogelea na kigunduzi cha mkononi. Ni huyu wa pili ambaye hatimaye aliiona kadi, akakiweka kigunduzi chini na kumpapasa kwa mikono kama ilivyopaswa tangu mwanzo.

Ninalirudia tukio hili kila nikisikia hoja kwamba ukali ni sehemu ya usalama. Pale ukali uliziba taarifa iliyokuwa inatolewa kwa hiari na mtu mwenye nia njema, ukaiweka afya yake hatarini bila kuongeza usalama wa mtu yeyote. Mkaguzi anahitaji macho na masikio zaidi ya kitu kingine chochote, na abiria aliyetishwa hanyooshi kidole kuonyesha mzigo ulioachwa bila mwenyewe. Huinamisha kichwa, akapita haraka aondoke mahali pale.

Nimewahi kuambiwa kwamba maafisa hawa huchoka, na ninakubali. Kuangalia picha za eksirei kunachosha kiasi kwamba kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka mkaguzi kwa kawaida asizitazame mfululizo kwa zaidi ya dakika 20 kabla ya kupumzishwa. Lakini afisa yuleyule aliyemfokea mzee alimwambia mtu aliyenifuata, mwenye suti na pasipoti ya nchi tajiri, maneno ya upole na hata tabasamu. Uchovu ungetugusa sote. Kilichotokea pale kilikuwa uchaguzi wa nani anastahili heshima na nani hastahili, na mtu akilitambua hilo mara moja hawezi tena kuuita uchovu.

Dirisha la uhamiaji lina matatizo yake. Maswali ya kawaida, yaani unakwenda wapi, utakaa kwa nani, nani amekulipia safari, ni halali kabisa na nimekuwa nikiyajibu bila kinyongo. Kinachouma ni namna yanavyoulizwa. Katika safari mojawapo afisa alinirushia pasipoti mezani baada ya kuona mhuri asioufahamu, akaniuliza swali lilelile mara kadhaa kama anayengoja nijikanganye, kisha akanielekeza kwenye chumba cha nyuma bila kusema kwa nini. Humo tulikaa wengi, hakuna aliyetuambia tunasubiri nini, na mama mmoja mwenye mtoto mchanga aliyeomba maji alijibiwa kwamba asiyetaka kusubiri angebaki kwao. Baadaye nilirudishiwa pasipoti iliyogongwa mhuri, bila neno, ndege yangu ya kuunganishia safari ikiwa imeshaondoka.

Jambo hili lingeweza kufanywa kwa njia nyingine, na mahali pengine sheria inataka hivyo. Kifungu cha 7 cha Kanuni ya Mipaka ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida kwenye mipaka baina yao, katika toleo lake la mwaka 2016, kinawataka walinzi wa mpaka waheshimu utu wa binadamu kikamilifu wanapofanya kazi yao, na wasibague watu kwa jinsia, asili, dini, ulemavu, umri wala mwelekeo wa kijinsia. Kifungu kinachofuata kinataka mgeni anayepelekwa kwenye ukaguzi wa kina wa hatua ya pili aelezwe, kwa maandishi au kwa njia nyingine inayofaa na kwa lugha anayoweza kuielewa, madhumuni ya ukaguzi huo na utaratibu wake. Mimi sikuwa katika eneo la Schengen siku ile. Lakini karatasi moja ya maelezo mlangoni mwa chumba kile ingetuondolea hofu kubwa, na isingempunguzia afisa yeyote mamlaka yake.

Nimehudumiwa vizuri pia, na ni haki kusema hivyo. Kwenye mpaka mmoja wa nchi kavu nilikutana na afisa wa kike aliyenisalimu kabla ya kuomba hati, akanieleza kwamba angefungua begi langu na kwa sababu gani, akavitoa vitu kimoja kimoja na kuvirudisha alivyovikuta. Aliuliza maswali mengi kuliko yule aliyenirushia pasipoti. Alilinganisha tarehe za mihuri, akabaini kwamba mhuri wa kutoka uliogongwa na wenzake safari iliyotangulia haukusomeka, akapiga simu kuhakiki na kuandika marekebisho ili nisije kusumbuliwa mbele ya safari. Huo ndio ukaguzi mkali kuliko wote niliowahi kufanyiwa, na niliondoka nikimshukuru kwa dhati.

Kwa anayesafiri karibuni, ushauri wangu ni kutobishana dirishani, kwa kuwa pale afisa ana uwezo wa kukuchelewesha na wewe huna. Andika saa, namba ya dirisha au ya lango, na namba iliyo kwenye beji ikiwa inaonekana, kisha peleka malalamiko kwa maandishi ukishatoka. Ukitakiwa kupapaswa mwilini, uliza kama unaweza kufanyiwa faraghani na afisa wa jinsia yako. Kwenye viwanja vya Marekani, kwa mfano, abiria anaruhusiwa kuomba chumba cha faragha na kuingia na mtu aliyefuatana naye. Na ukizuiliwa, kumbuka kwamba kifungu cha 36 cha Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli kinakupa haki ya kutaka ubalozi wako mdogo ujulishwe. Itaje haki hiyo kwa utulivu na kwa maneno machache.

Malalamiko yangu kuhusu yule mzee niliyaandika siku iliyofuata. Jibu nililopata lilinishukuru kwa maoni na kunihakikishia kwamba watumishi wote hufuata taratibu, bila kugusia kadi wala kicheko. Nimeandika tena nikiomba jambo moja tu, kwamba anayesimama mbele ya mashine afundishwe kuzitambua kadi za vifaa vya moyo na kulazimika kuzitazama zinapoonyeshwa. Mpaka ninapoandika haya sijajibiwa. Huduma ya kiwanja kile ninaipa nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za afisa wa pili aliyekiweka kigunduzi chini. Mpaka ule wa nchi kavu ninaupa tano kamili.