Banda la magazeti ya zamani Kirumba: Jumamosi nne kwenye benchi

Kama unaandika makala za timu ndogo kwenye Wikipedia na uko Mwanza, nenda hapa. Banda liko Kirumba, ukiwa unateremka kuelekea soko la samaki la Mwaloni, kabla harufu ya dagaa haijakukamata sawasawa. Kibao hakuna. Uliza "kwa mzee wa magazeti", bodaboda wanapajua.

Mzee ananunua magazeti kwa kilo kutoka maofisini na majumbani. Mapya anawauzia wenye dagaa na vitumbua wakafungie. Ya zamani hayauzi. Anayapanga kwa mwaka, anayatoboa pembeni kwa bisibisi na kuyafunga kwa uzi wa nyavu. Ukilipa shilingi 2,000 unakaa kwenye benchi kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri, na kila ukurasa utakaoupiga picha kwa simu ni 500. Kwa kazi anayoifanya, naona bei ni ndogo kuliko inavyostahili.

Nieleze kilichonipeleka. Nilikuwa katibu wa timu ya mtaani kwetu Igogo kwa miaka sita. Nilipong'atuka niliona vibaya historia yake ipotee, nikaiandikia makala ndefu kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Mkabidhi mmoja, yaani msimamizi wa Wikipedia hiyo, akaniuliza kwa upole: vyanzo viko wapi? Nikampa cheti cha usajili, ukurasa wetu wa Facebook, picha za wachezaji na daftari la mihtasari ya vikao. Makala ikafutwa. Niliumia sana, nikaona wametudharau kwa kuwa sisi si Simba wala Yanga.

Sasa naelewa. Vyote nilivyompa tulikuwa tumejiandika wenyewe, isipokuwa cheti, na cheti kinathibitisha tu kwamba timu ipo. Kamusi elezo kama Wikipedia inataka mtu wa nje, asiye na maslahi na timu, awe ameona inafaa kuieleza kwa kirefu. Wikipedia ya Kiingereza inasema wazi katika mwongozo wake wa michezo kwamba klabu hazina kigezo chao cha pekee, zinapimwa kwa kanuni ile ile ya jumla. Kucheza ligi fulani peke yake hakukupi makala. Ndiyo maana Mbao FC ya hapa Mwanza haisumbui mtu: ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini mwaka 2017, ikafungwa na Simba 2-1 pale Jamhuri, Dodoma, na waandishi wa kila gazeti walikuwepo. Pamba nayo, wana TP Lindanda kwa jina la utani, imeandikwa tangu enzi za baba zetu mpaka iliporudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25 ikiitwa Pamba Jiji. Timu ya Igogo iliyokuwa inacheza ligi ya wilaya lazima uitafute kwa tochi.

Nilianzia ofisi moja mjini, nikazungushwa meza hadi meza wiki mbili. Tuachane na hiyo.

Jumamosi ya kwanza kwa mzee nilifungua mafurushi matatu, nikaliona jina la timu yetu mara tano. Nilipiga vigelegele mpaka wenye dagaa wakageuka! Nilipotulia nikasoma tena: zote tano zilikuwa ni matokeo, mstari mmoja mmoja, tumefunga, tumefungwa. Zinathibitisha kwamba mechi ilichezwa, lakini huwezi kujenga makala juu yake.

Jumamosi ya tatu ndipo nilipopata. Robo ukurasa mzima, gazeti la Jumapili, furushi la 1987. Mwandishi alikuja mwenyewe uwanjani. Ameeleza jinsi maji ya mvua yalivyosimama golini, na jinsi nusu ya kikosi walivyokuwa wapagazi wa bandari ya Mwanza Kusini, wanatoka zamu ya usiku wakiwa bado na vumbi la saruji kwenye nywele. Hayo sikuyajua hata mimi. Chini yake kuna aya mbili za katibu wa wakati huo akiisifu timu. Hizo niliziacha, maana ni sisi tena tunajisemea, hata kama zimechapwa gazetini.

Tatizo likawa tarehe. Karatasi ya mbele haikuwepo, ilikwisha kwenda na dagaa, na juu ya ukurasa niliokuwa nao uzi ulikuwa umepita palepale penye tarehe. Kilichobaki kilisomeka "Juni 1", halafu tundu. Bila tarehe, tanbihi (ile nukuu ya chanzo chini ya makala) haina maana, kwa sababu msomaji hawezi kwenda kuhakiki.

Hapa ndipo huduma ya mzee inapoizidi maktaba yoyote niliyowahi kuingia. Nilimwambia, "Mzee wangu, nimekwama." Akaja, akavaa miwani, akaugeuza ukurasa. Nyuma kulikuwa na orodha ya vipindi vya Redio Tanzania, juu yake imeandikwa "Leo Jumapili, tarehe 14".

"Haya, mwanangu, hesabu," akasema.

Tukahesabu kwa kalenda ya simu. Katika miaka ya themanini Juni 14 iliangukia Jumapili mara mbili tu, 1981 na 1987. Furushi ni la 1987, lakini mafurushi huchanganyika, sikutaka kubahatisha. Mzee akaweka kidole kwenye habari ya jirani iliyowataja Tukuyu Stars kama mabingwa watetezi. Tukuyu walichukua ubingwa wa ligi 1986. Basi, 1987. Nilimshika mkono yule mzee nikashindwa kusema kitu.

Jumamosi ya nne nilipata habari hiyohiyo kwenye gazeti jingine, nikadhani sasa nina vyanzo viwili. Mzee akanionyesha mwishoni: SHIHATA, yaani lile Shirika la Habari Tanzania la zamani. Nikarudi kwenye picha niliyokuwa nimepiga, nayo ina neno hilohilo kwa herufi ndogo. Magazeti mawili yakichapa taarifa moja ya shirika la habari, chanzo ni kimoja. Hilo lilinikata maini, ila ni kweli.

Kwa hiyo makala ya timu sijaiandika upya. Chanzo kimoja kizuri na mistari ya matokeo haitoshi, na sitaki ifutwe mara ya pili. Nimeandika aya moja ndani ya makala ya kata ya Igogo: wapagazi, bandari, maji golini, na tanbihi yenye jina la gazeti, tarehe na ukurasa. Nimesema pia kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba niliwahi kuwa katibu, mwingine aipitie. Aya ipo mpaka leo.

Kasoro za banda: paa linavuja upande wa mafurushi ya miaka ya sabini, na baadhi yameshikana kama mkate uliolowa. Miaka ya tisini ina mapengo makubwa. Meza hakuna, utasomea mapajani. Nimemwomba mzee atoboe upande wa chini ili tarehe zisiliwe, akasema mafurushi mapya atafanya hivyo. Namwomba pia asiachanishe karatasi ya mbele na ya nyuma, maana michezo mara nyingi iko nyuma na jina la gazeti liko mbele.

Nenda na tochi ya simu iliyochajiwa, kitambaa cha pua na chenji. Wakati wa masika piga hodi kwanza, maana mvua ikinyesha anafunika kila kitu kwa turubai na hafungui mpaka jua litoke. Na ukipata robo ukurasa wa timu yoyote ya Igogo, Mabatini au Nyakato, mwachie mzee mwaka na ukurasa. Ana daftari anamoandika.