Hedifoni za USB zinazopandisha sauti zenyewe: uzoefu wangu

Nimekasirika, na nusu ya hasira hizi ni za kifaa, nusu ni za aliyeniuzia.

Sauti ya hedifoni hizi ni nzuri, hilo silifichi. Kazi yangu ni kunukuu mahojiano yaliyorekodiwa, nazivaa kutwa nzima, na mtu akinong'ona namsikia. Shida ilianza siku nilipohitaji tundu la mbele la kompyuta nichomeke flashi. Nikachomoa waya wa hedifoni, nikauhamishia nyuma, nikaendelea na kazi. Kwenye rekodi alikuwa mzee mmoja, na neno lake la kwanza lilikuwa kikohozi. Jamani! Nilizirusha mezani. Masikio yalivuma mpaka usiku. Natazama kwenye kona ya skrini: 100. Nilikuwa nimeiacha kwenye 18.

Sababu ni hii: hedifoni hizi hazina namba yao ya utambulisho ndani. Ukizihamishia tundu jingine, Windows inadhani umeleta kifaa kipya, na inaweza kukianzishia sauti ikiwa juu kabisa. Mtengenezaji angeweza kulizuia hilo kiwandani. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 mtu aisikilize saa 40 tu kwa wiki, ikifika 90 ni saa 4. Sasa mimi ninayeishi na hedifoni kichwani, nipigwe na sauti ya juu kabisa bila taarifa?

Nikazirudisha dukani, Kariakoo. Kijana wa kaunta hata kuzigusa hakuzigusa. "Dada, watu wote wanakuja hapa kulalamika sauti ndogo, wewe unalalamikia kubwa?" Akamgeukia mwenzake, wakacheka. Nikamwonyesha risiti. "Mzigo ukishatoka haurudi," akasema, akarudi kwenye simu yake. Hakuniuliza hata kama sikio langu ni zima. Hilo ndilo lililoniuma kuliko hela.

Nimejitibu mwenyewe. Kwenye mipangilio ya sauti ya Windows nilitia tiki Loudness Equalization, ambayo inasawazisha sauti ndogo na kubwa. Inasaidia, lakini inanyanyua na mvumo wa feni uliokuwa nyuma ya msemaji, kwa hiyo kwa kazi yangu nikaizima. Kilichonifaa ni Equalizer APO, programu ya bure: niliandika Preamp: -15 dB, yaani ishushe sauti kwa desibeli 15, basi hata Windows ikienda 100, kinachofika sikioni kimeshapunguzwa. Lakini nayo inafungwa kwa kifaa kimoja kimoja, ukibadilisha tundu ulinzi umepotea. Kwa hiyo matundu mengine yote nimeyaziba kwa selotepu, na siku hizi nabonyeza kucheza kwanza, ndipo navaa.

Tangu hapo sijapigwa tena, na kwa usafi wa sauti nilifikiria kuzipa nyota nne. Lakini mbona niyafanye yote haya kwa kitu nilichonunua kwa hela yangu, kipya, kwenye boksi? Mbili. Sawa, tatu, kwa mtu mzima mwenye kompyuta yake ambayo haiguswi na mwingine. Mtoto anayesomea kwenye kompyuta ya familia, ambako kila mtu anachomoa na kuchomeka, msimnunulie kabisa.

Na lile duka, hata waya wa chaji sinunui tena.