Picha ya profaili kwa buku mbili, Kirumba

Kibanda chenyewe kipo Kirumba, Mwanza, mwendo mfupi kutoka uwanjani, kati ya muuza chipsi na fundi simu. Kijana anakupiga picha, anakuvalisha jezi kwenye kompyuta, anakurushia WhatsApp. Buku mbili.

Mimi ni shabiki damu wa Pamba, timu ya soka ya hapa Mwanza, nimerithi kwa mzee. Timu iliporudi Ligi Kuu 2024 nikasema lazima watu waone. Picha ya kwanza alichemka: nembo aliibandika kwenye kona ya juu, na WhatsApp inakata picha duara, ikabaki nusu herufi juu ya sikio langu. Nikarudi. Hakununa wala hakuongeza hela; nembo akaishusha kifuani, uso katikati, nyuma Jiwe la Bismarck kwa mbali. Hapo sasa! Shemeji yangu, Simba wa kufa mtu, alipiga saa nne usiku kuuliza nimesajiliwa lini.

Siku ya mechi foleni inaudhi, benchi ni moja. Ila ndipo utamu ulipo. Jamaa wa Yanga aliyeshindwa dau alikuja kutengenezewa picha ya Simba, akae nayo wiki nzima. Kofia kaishusha hadi puani.