Nairobi hadi Malindi kwa kukata ndani ya Tsavo East: gari ya kukodi, njia yenyewe na mto Galana

Mimi mzaliwa wa Malindi, kazi iko Nairobi, kwa hivyo safari ya Disemba kwetu ni ile ile kila mwaka, basi la usiku mpaka Mombasa, asubuhi matatu ya Malindi, unafika umechoka hata salamu unaitikia kwa kichwa. Miaka yote hio mbuga ya Tsavo East iko pale mkono wa kushoto na mimi nimeipita nikiwa usingizini. Safari hii nilikuwa na mamangu, alikuja Nairobi kutolewa mtoto wa jicho, na daktari alipomwambia sasa yuko sawa aende nyumbani, nikaongea na mke wangu tukasema mama hatumpandishi basi tena, tukodi gari tumrudishe kwa njia ya mbugani. Yaani unaingia geti la Voi, unakata mbuga yote, unatokea geti la Sala, na kutoka Sala mpaka Malindi ni kilomita mia na kidogo tu. Mombasa huioni kabisa.

Nianze na gari kwa sabu ndio wengi wataniuliza. Tulichukua X-Trail ya foo-wili kwenye kampuni moja ya hapa Nairobi, self-drive, elfu saba kwa siku na deposit juu, jina sitaji. Gari yenyewe sina neno, injini safi, AC inafanya kazi, watoto wawili na mama nyuma wamekaa vizuri na mizigo ikaenea. Kwa Tsavo East si lazima uwe na Land Cruiser kama njia ni kavu, barabara kubwa za ndani ni murram na zinapitika, lakini sisi tulienda baada ya mvua za vuli na kuna sehemu mbili tatu za tope ambazo kwa gari ndogo ya chini ningerudi nyuma. Ubaya wa kampuni nitaueleza mbele.

Siku ya kwanza tulitoka saa kumi alfajiri. Msimu wa sikukuu Mombasa Road usicheze nayo, malori yamepangana na kila mtu anataka kufika jana, ukichelewa kutoka Nairobi utashinda Mlolongo. Mtito Andei ndio kama katikati, tukanywa chai pale na chapati, watoto wakanyoosha miguu. Mbele kidogo ukivuka daraja la Mto Tsavo waonyeshe watoto, hapo ndipo simba wawili walikula wajenzi wa reli mwaka 1898, wangu waliuliza maswali mpaka Voi. Ushauri wangu, lala Voi. Watu wengi wanataka kuingia mbugani saa sita mchana wakitoka Nairobi moja kwa moja, alafu wanalalamika hawakuona kitu, na saa hizo wanyama wako kivulini na wewe umechoka. Na ukitaka kutokea Sala unahitaji siku nzima, kwa sabu ndani mwendo ni kilomita 40 kwa saa na lazima uwe umetoka kabla ya saa 12 jioni. Sisi tulilala gesti ya kawaida mjini Voi, safi, maji ya moto yapo.

Mambo ya kufanya hio jioni ukiwa Voi: jaza tangi, kwa sabu ndani hakuna petroli na utaendesha siku nzima. Lipia kiingilio kwa simu kwenye eCitizen, ile tovuti ya malipo ya serikali, kabisa, getini hawachukui pesa taslimu, na ukingoja asubuhi na netiwaki isumbue utabaki pale unaangalia wenzako wanaingia. Maji beba kwa mtungi au chupa za kurudia, zile chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga tangu Juni 2020. Chakula pia beba. Mke wangu alipika viazi karai na mayai ya kuchemsha usiku wa kabla ya safari, mama akaongeza achari ya ndimu aliyokuwa amekuja nayo kutoka nyumbani, na nawaambia hakuna hoteli ingetufaa zaidi ya ule mfuko.

Saa 12 na dakika tano asubuhi tuko ndani. Ardhi ni nyekundu, nyekundu ile ya matofali, na baada ya mvua majani yamechipua kijani juu yake. Wenye kujua watakwambia kiangazi ndio kizuri kwa kuona wanyama kwa sabu wote wanakuja kwenye maji, na ni kweli, lakini mimi sikujuta. Tukaelekea bwawa la Aruba, kama kilomita 30 hivi kutoka getini, na kabla ya kufika bwawani mtoto wangu mdogo akasema baba simama. Ndovu kumi na moja, nilihesabu, upande wa mama kabisa. Wanajulikana hawa ndovu wekundu wa Tsavo, wanajirushia vumbi na kugaagaa kwenye tope mpaka ngozi inachukua rangi ya udongo, lakini kuambiwa si kuona. Mmoja alikuwa ametoka topeni saa hio hio, tope bichi linateremka mgongoni kama rangi iliyomwagwa, na chini ya tumbo pale lilipoanza kukauka limepasuka vipande vipande. Mama alishusha kioo nusu, akanyamaza muda mrefu. Alafu akauliza, "Mwanangu, hawa ndio walivyo au mimi jicho bado?" Nikamwambia mama jicho lako zima, ndivyo walivyo. Akasema mashaallah. Amekaa Malindi miaka sitini na kitu, hawa wanyama ni majirani zake, na hakuwahi kuletwa.

Kutoka Aruba tukapanda kaskazini mpaka mto Galana, kule Lugard Falls. Usitarajie maporomoko ya kuanguka kutoka juu, ni mto mpana unaobanwa na mawe mpaka unapita kwenye mianya myembamba, maji yanachemka ndani yake, na mawe yenyewe yamechongwa na maji kuwa mashimo na mikunjo, yana mistari ya rangi ya kijivu na waridi. Pale panaruhusiwa kushuka gari, lakini watoto washike mkono, jiwe linateleza na mamba wako chini kidogo tu. Ng'ambo ya mto unaona uwanda wa juu wa Yatta umenyooka kama ukuta, ile ni lava iliyoganda, urefu wake karibu kilomita 300. Hapo ndipo tulipokula.

Sasa ishu ya gari. Tumeuacha mto mkono wa kushoto, mikoma imejipanga ukingoni, tunaelekea Sala, saa nane mchana, mara nasikia usukani unavuta. Pancha, tairi ya nyuma. Sawa, pancha ni kitu cha kawaida murram, nikatoa spea, na spea haina upepo. Ukiibonyeza kwa kidole inaingia. Jeki ipo, wili spana ipo, spea ndio hio. Netiwaki hakuna. Nina mama wa jicho la juzi, nina watoto wawili, na hapo si mahali pa kutembea kwenda kutafuta msaada. Nilikuwa nimesaini fomu ya kampuni iliyoandikwa spea iko sawa na nikaamini ile tiki. Tulikaa kama dakika hamsini ndani ya gari vioo nusu, mke wangu anawapa watoto hadithi, mimi macho kwenye njia.

Aliyetuokoa ni dereva wa watalii akitokea upande wa Sala na wageni wake. Alisimama bila hata mimi kupunga mkono, akaamkia mama kwanza, "Shikamoo mama", ndio akaniuliza, "Kaka, kuna nini?" Alikuwa na ile pampu ndogo ya kuchomeka pale pa kuwashia sigara, tukajaza spea, tukabadilisha pamoja, wageni wake wakangoja bila kununa. Nilipotaka kumpa kitu akakataa, akasema hii njia mtu hampiti mwenzake. Popote alipo Mungu ampe.

Kampuni nilipowapigia nikishapata netiwaki waliniambia ningeangalia kabla ya kuondoka. Pole sikusikia. Nimeirudisha gari, deposit wamerudisha yote, na hela ya kuziba pancha wamenirudishia baada ya kubishana, lakini kumpa mtu gari unayejua anaingia nayo mbugani, na fomu niliwaandikia wazi Tsavo, alafu spea haina upepo, hilo silisamehi haraka. Kwa hivyo ukikodi popote, kabla ya kusaini shusha spea chini, ibonyeze, iweke upepo kwenye petrol station ya kwanza, na nunua ile pampu, nimeshanunua yangu.

Sala tulitoka saa kumi na nusu. Barabara ya kutoka hapo sehemu kubwa sasa ni lami, unapita Langobaya, Kakoneni, na ghafla watu wanaongea Kigiriama kila mahali na minazi imeanza. Malindi tuliingia maghrib, adhana inasikika.

Pwani sitaandika mengi, ni kwetu na nitapendelea. Ila hili ni la kupanga: Disemba baada ya mvua usije Malindi mjini ukitegemea maji ya bluu, bahari inakuwa ya udongo. Ukitaka kuogelea na kuangalia samaki shuka Watamu, ni karibu, kule maji yalikuwa meupe na watoto walishinda majini. Magofu ya Gede yako njiani, pitia.

Na sababu ya bahari kuwa vile ni ule ule mto. Siku ya tatu mama alituambia tumpeleke daraja la Sabaki, kaskazini mwa mji. Galana ikifika huku chini inaitwa Sabaki, na kule juu kabla ya kukutana na Mto Tsavo inaitwa Athi, ina maji ya huko huko Nairobi tulikotoka. Tuliegesha upande wa mdomo wa mto, heroe wapo kwenye kina kifupi, na maji mekundu yanaingia baharini yamejikata kama kitambaa, huku nyekundu huku kijani. Mama akamshika yule mdogo bega akamwonyesha, "Unaona? Yale maji ya mamba." Mtoto akauliza kama na mamba nao wamekuja. Mama akamwambia wengine wanakuja, ndio maana hapa hatuogi.

Alama zangu: njia 5 kati ya 5, gari 4, kampuni 2. Kurudi tulipita Kilifi na Mombasa kwa sabu shule zinafunguliwa na nilitaka kufika kwa siku moja. Aprili mama amesema atakuja tena kliniki, na ameshaniuliza kama tutapita kule kule.