GCC 13 na fanksheni za constexpr mbovu: naipa nyota 4

GCC 13, kompaila ya C++ (programu inayogeuza kodi tunayoandika iwe lugha ya mashine), naitumia kila siku, ila leo naisemea kitu kimoja tu, inavyozichukulia fanksheni za constexpr (zile kompaila inaruhusiwa kuzikokotoa yenyewe kabla programu haijaanza kukimbia) ambazo haziwezi kabisa kukokotolewa wakati wa kukompaili.

Nilikuwa naandika jedwali la CRC-32 (hesabu ya kukagua kama data imeharibika) la kichipu cha ARM chenye RAM ya kilobaiti 4. Namba 256, kila moja baiti 4, jumla kilobaiti 1, na nilitaka kompaila ilipige hesabu yenyewe likae zake kwenye flashi (hifadhi isiyofutika umeme ukikatika) lisiguse RAM. Sasa ndani ya fanksheni nikasahau kamstari nilikokaweka kukagua, kanaita andika(), fanksheni yangu ya kawaida ya kuchapisha isiyo ya constexpr, nikakompaili kwa -std=c++23 (yaani kwa toleo la C++23 la lugha), kimya, hakuna onyo wala nini. Kuja kucheki robo ya RAM imeondoka! Jedwali nililitangaza kwa const (thamani isiyobadilika) tu, na kwa const kompaila ikishindwa kukokotoa haikwambii, inaiachia chipu ikokotoe kila ikiwashwa.

Lakini tusiionee GCC, sheria yenyewe ndo ilibadilika. Toka C++11 mpaka C++20 fanksheni ya constexpr isiyoweza kutoa jibu wakati wa kukompaili hata ukiipa thamani gani ilikuwa ni kosa, ingawa kompaila haikulazimishwa kulisema. C++23 ikaliondoa hilo, na sababu naielewa kabisa, mfano sqrt (ya kipeuo cha pili) haikuwa constexpr, kwenye C++26 inakuwa, sasa wanaoandika maktaba wangezungusha #if (masharti ya kuchagua kodi kulingana na toleo la lugha) kila toleo mpaka lini?

Faili lilelile ukilirudisha c++20, GCC inagoma palepale kwenye andika() na kukwambia umeita fanksheni isiyo ya constexpr. Hapo Clang, kompaila nyingine ya C++, naipenda zaidi maana inaanza kusema wazi kwamba hii fanksheni haitatoa jibu la kudumu hata siku moja, halafu chini yake inakuonyesha mstari unaoharibu, huhangaiki kutafuta.

Mkiwa c++23 wekeni -Winvalid-constexpr, onyo linarudi. Na jedwali liandikeni constexpr au constinit const badala ya const peke yake, andika() ikibaki humo haikompaili ng'o. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu hiyo flagi mpaka uijue ndo uiwashe, na mimi nimeijua baada ya jioni mbili nzima za kuisaka hiyo kilobaiti.