Kujizoeza kubishana kwa Kiingereza: na watu ama na simu?

Mkisoma hadithi, tuseme ya sungura na fisi, halafu mkae bustani ya Jeevanjee, Nairobi, watu wanne mbishane kama fisi alionewa, gharama ni nauli tu, na hapo ndio unazoea "I see your point, but..." badala ya "You're wrong" inayofanya mtu anune. Shida ni kukutana, leo mvua kesho jam. Simu haikosi, unajirekodi usiku "I'm not so sure about that" mara kumi bila bando, lakini haikujibu wala haikukatizi (na vile tunapenda kukatizana!). Kama unaona haya anza na simu, kama una intavyuu wiki ijayo tafuta watu.