Njia ya magari ya rimoti Mtwara: ngumu, ya haki, na jua la usoni

Ukitoka Mtwara mjini kwenda Mikindani, kabla hujaanza kuiona ghuba, kuna shamba la mikorosho ambalo pembe yake moja imefyekwa na kugeuzwa njia ya mbio za magari ya rimoti. Hakuna bango wala geti; utakachokitambua kwanza ni mlio wa mota, mwembamba kama wa nyuki aliyenaswa ndani ya chupa, kisha vumbi jekundu linaloinuka juu ya majani. Nimekwenda huko Jumamosi tatu mfululizo mwezi Agosti, nikiwa na gari langu la kipimo cha 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi, linalosukumwa na magurudumu yote manne, na ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaojiuliza kama kuna maana ya kulipa shilingi 5,000 kwa nusu saa ili kwenda kuvunja gari walilolinunua kwa taabu. Kwa maoni yangu maana ipo, ila si kwa kila mtu, na si kwa kila saa ya siku.

Nianze na udongo, kwa sababu ndio unaoamua karibu kila kitu. Ardhi yetu ya pwani ni mchanga, na gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 8 au 9 likiingia kwenye mchanga mkavu linazama na kuchimba shimo lake lenyewe. Vijana walioitengeneza njia hii walilitambua hilo mapema, wakaleta udongo mwekundu kwa tipa, wakaumwagia maji na kuushindilia tabaka juu ya tabaka mpaka ukawa mgumu kama sakafu ya nyumba ya udongo. Upana wa njia ni kama mita 3 na mzunguko mzima nimeukadiria kwa hatua kuwa mita 150 hivi. Kingo zake ni mabomba meusi ya maji yaliyofukiwa nusu, ili gari linalopotea njia ligonge plastiki badala ya jiwe. Kila siku kabla ya kufungua huinyunyizia maji, na katika saa ya kwanza udongo ule unashika matairi vizuri kiasi kwamba hata mgeni anajiona dereva. Kisha upepo wa kusi unaukausha, tabaka la juu linageuka unga, na mshiko unabaki kwenye mstari mmoja tu ambao magari yaliyotangulia yameufagia. Ukitoka nje ya mstari huo kwa upana wa kiganja, gari linateleza kama limekanyaga mafuta ya nazi.

Ndiyo maana nasema kuna njia mbili mahali pamoja: ya saa nane mchana na ya saa kumi na moja jioni. Asubuhi sikuwahi kuiendesha, kwa kuwa hawafungui. Matairi yenye miiba mirefu yanafaa udongo ukiwa na unyevu, lakini ukishakauka miiba hiyo inalala na gari linayumba, kwa hiyo inakubidi ufunge yenye miiba mifupi iliyosongamana. Siku ya kwanza mimi nilikwenda na matairi yaliyokuja na gari, ambayo kazi yake kubwa, kama nilivyokuja kugundua, ni kupendeza kwenye picha ya boksi.

Sehemu iliyonyooka ina mita 35. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ambao gari la kawaida la betri la kipimo hiki linaufikia bila shida, unakata mita 11 kwa kila sekunde, yaani una sekunde 3 tu za kufurahi. Baada ya hapo inakuja kona ambayo kwangu ndiyo kiini cha mahali hapa: inapinda kama ndoana, inateremka, na uso wake umeinamia upande wa nje badala ya ndani, hivyo uzito wote wa gari unaelemea kule kule usikotaka uende. Ukishika breki ukiwa tayari umekata usukani, mkia unakutangulia. Breki inatakiwa ishikwe mapema, wakati gari bado limenyooka, kisha kidole kilegezwe kabisa na gari liachwe libingirike hadi pua ielekee njia ya kutokea, hapo ndipo unapoongeza moto, taratibu. Mara sita nililipindua gari pale pale, mara sita mtoto akakimbia kulisimamisha, mpaka kijana anayesimamia njia akanisogelea kwenye jukwaa tunaposimama madereva.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Samahani mwalimu, wewe unalifukuza gari. Lisubiri, litageuka lenyewe."

Alikuwa sahihi. Tena kona hiyo ina hila nyingine: ukiimaliza, gari linakuwa limegeuka na linakujia wewe, na mara moja kushoto kwake kunakuwa kulia kwako. Anayeendesha gari halisi hapati mtihani huu kwa sababu amekaa ndani yake. Nilishauriwa niufikirie mwili wangu umeketi nyuma ya usukani wa lile gari dogo, na ushauri huo ulinisaidia kuliko dakika zote nilizokuwa nimezitumia nikikariri kwamba mkono uende kinyume.

Matuta madogo matatu yanayofuata hayana makuu, mradi shokapu zako ziwe na mafuta mazito ya kutosha. Zangu zilikuwa na mafuta mepesi ya kiwandani, nayo joto la huku linazidi kuyalainisha, gari likawa linarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Nilipomimina mafuta ya silikoni ya uzito wa juu zaidi Jumamosi ya pili, likatulia.

Vilima viwili vya kuruka ndivyo vinavyovuta watazamaji. Kati ya kilele na kilele ni kama mita 2 na nusu, na lengo ni kupaa kutoka cha kwanza na kutua kwenye mteremko wa cha pili. Asiyejua hudhani gari likishaacha ardhi mambo yamekwisha, kumbe bado unaliongoza: ukiongeza moto hewani, magurudumu yanazunguka kwa kasi zaidi na mwili wa gari unajibu kwa kuinua pua, ukishika breki, pua inashuka. Hiyo ni kanuni ile ile ya fizikia ya kidato, ila sikuwahi kuiona ikifanya kazi waziwazi namna ile. Kusi inavuma kukatisha pale, na bodi pana hushikwa na upepo kama tanga. Mruko wangu wa nne ulipungua kidogo, gari likagonga uso wa kilima cha pili, na mkono wa plastiki unaoshika gurudumu la mbele la kulia ukakatika. Kijana yule ana ndoo ya vipuri vya magari yaliyokufa. Akatafuta mkono unaokaribiana, akapanua tundu kwa tupa, akanitoza shilingi 7,000. Nilirudi njiani baada ya dakika 40, na kwa mji ambao kipuri kama hicho huagizwa Dar es Salaam na kuja kwa basi, sikuona cha kulalamikia.

Ya kulalamikia yapo mengine. Jukwaa la madereva, ambalo ni mbao zilizowekwa juu ya mapipa, linatazama magharibi, na kuanzia saa kumi na moja jua linakupiga machoni hata theluthi nzima ya njia ikapotea. Muda wa mzunguko unapimwa kwa simu ya anayejitolea. Lakini jambo linalonikera hasa ni watoto wanaosimamisha magari yaliyopinduka: wanaingia njiani pekupeku wakati magari mengine yanakimbia, na gari la kilo 2 likiwa na mwendo linaweza kumvunja mtoto kifundo cha mguu. Mahali pengi mbio zinapofanyika, madereva waliomaliza raundi ndio wanaosimama pembeni kufanya kazi hiyo, wakiwa na viatu, na sioni kinachozuia utaratibu huo hapa.

Meza ya kuchajia nayo imewekwa chini ya mkorosho, juu ya majani makavu. Betri za lithiamu tunazotumia hazitakiwi kuzidi volti 4.2 kwa kila seli wala kushushwa chini ya volti 3, na iliyovimba au iliyotoboka inaweza kulipuka moto usiozimika kwa urahisi. Niliuliza iko wapi ndoo ya mchanga, nikaambiwa hakuna, katika wilaya ambayo mchanga ndio kitu pekee kisichowahi kuadimika.

Wasio na gari wanakodishiwa kwa shilingi 10,000 kwa nusu saa, na magari hayo yana nguvu ya wastani, jambo ambalo kwa anayeanza ni heri. Rimoti zote ni za gigahezi 2.4, kwa hiyo magari manane yanakimbia pamoja bila kuingiliana mawimbi, kero iliyokuwa ya kawaida katika rimoti za zamani za megahezi 27. Mama mmoja anauza ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa, na chai karibu na jukwaa. Mvua zikishaanza, kuanzia Desemba hivi, njia hufungwa hadi udongo ukauke.

Mzunguko wangu bora katika siku zote tatu ni sekunde 31. Vijana wa pale wanakata 24 kwa magari yasiyolizidi langu kwa lolote. Ukienda, fika saa nane, chukua matairi ya aina mbili, mikono miwili ya akiba ya mbele, kofia yenye ukingo mpana, na ndoo yako ya mchanga.